Kutoka Dodoma, Unguja ni Karibu Kuliko Dar es Salaam

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko digrii 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta. Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, uko digrii 6 na dakika 13. Viwanja hivi viwili vimekaa karibu kwenye mstari mmoja wa mashariki na magharibi, na ndege ya alfajiri inayotoka Dodoma kwenda Unguja hulielekea jua linalochomoza. Ukipima kwa mstari ulionyooka unapata kilomita 384 hivi. Ukipima kutoka Dodoma hadi uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, unapata karibu 390.

Ukimwambia mtu katika soko la Majengo, Dodoma, kwamba Unguja ni karibu kuliko Dar, atakukatalia, na ana sababu. Katika maisha yake Unguja haijawahi kuja kabla ya Dar. Unakwenda Dar kwanza, kwa basi, kwa treni au kwa ndege, kisha ndipo unaanza habari ya bahari. Kwa hiyo kichwani mwa watu wengi wa bara, umbali wa Unguja ni umbali wa Dar pamoja na boti, pamoja na kulala kwa ndugu Temeke au Kariakoo kusubiri asubuhi. Ramani inasema jambo moja na safari inasema jingine. Nataka kuonyesha hapa kwamba katika suala hili ramani ndiyo inayostahili kusikilizwa, na kwamba saa zinazopotea kati ya makao makuu ya nchi na Zanzibar hazipotei angani wala baharini. Zinapotea katika mpango wa safari.

Tuanze na mstari wenyewe, kwa sababu unapita mahali penye historia. Ukiondoka Dodoma kuelekea mashariki unaikuta Kongwa karibu kabisa na mstari huo. Ni Kongwa ileile ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na baadaye kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Mbele kidogo iko Gairo. Kisha ardhi inapanda: safu za Ukaguru upande wa kulia na za Nguru upande wa kushoto, vilele vyake vikipita mita 2,000. Halafu inashuka kwa kasi hadi bonde la Wami na nyika za Saadani, na hapo nchi kavu inakatika. Kutoka mdomo wa Wami hadi mwambao wa magharibi wa Unguja ni kilomita arobaini na kitu. Katika kilomita 384 za safari, basi, maji ni sehemu moja tu katika tisa. Ndege ya panga boi inayavuka kwa dakika zisizofika kumi, tena ikiwa imekwisha kuanza kushuka. Watu husema safari hii ni ya kuvuka bahari, na ndivyo ilivyo, lakini abiria aliyekaa dirishani ataona zaidi ya yote miombo, milima na mashamba ya mtama.

Dunia ni mviringo, na katika safari ndefu njia fupi kuliko zote hupinda ukiichora kwenye karatasi bapa. Huku kwetu, karibu na ikweta na kwa masafa haya, suala hilo halina uzito. Ukifuata mstari wa latitudo au ukifuata upinde kamili wa dunia, tofauti yake haifiki hata mita mbili. Atakayechukua rula na ramani ya shule atapata jibu linalotosha kabisa.

Sasa historia, kwa maana ndiyo iliyoupinda mstari huu. Katika karne ya 19 Ugogo, yaani eneo la Dodoma ya leo, na Unguja zilikuwa zimeungana moja kwa moja. Misafara iliyopeleka nguo, shanga na nyaya bara, na kurudi na pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, ilifadhiliwa Unguja, ikavuka mkondo hadi Bagamoyo au Kaole, ikapanda kupitia Mpwapwa na kuingia Ugogo, ambako watemi wa Wagogo walitoza hongo kwa haki ya kupita na kuchota maji. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Stanley aliondoka Bagamoyo mwishoni mwa Machi 1871 na alikuwa Mpwapwa katikati ya Mei. Karibu miezi miwili kwa masafa ambayo ndege inayamaliza kwa nusu saa. Lakini katika safari hizo zote Dar es Salaam haikuhitajika. Ni mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, na baada ya kifo chake mwaka 1870 ukadorora.

Aliyeiweka Dar katikati ni Mjerumani. Alihamishia huko makao yake kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1905 akaanza kujenga Reli ya Kati kutoka bandari ya Dar. Reli ilifika Morogoro 1907, ikapita Dodoma, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Dodoma yenyewe kama mji ni mtoto wa reli hiyo. Tangu wakati huo kila kilichotoka nyanda za kati kwenda pwani kilielekezwa Dar, na Unguja ikasukumwa hadi mwisho wa safari. Barabara ya lami ilifuata reli, na ndege zikafuata barabara, ingawa angani hakuna mlima wala mto unaozilazimisha. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika suala hili zima: njia za angani zimerithi umbo la reli ya mwaka 1905.

Turudi kwenye dakika. Ukigawanya kilomita 384 kwa kasi ya ndege unapata majibu mazuri ya karatasini. Airbus A220 za Air Tanzania, zinazokwenda karibu kilomita 830 kwa saa zikiwa juu, zingehitaji dakika 28. Dash 8 Q400, yenye mwendo wa kilomita 667 kwa saa, dakika 35. ATR 72, kwa kilomita 510, dakika 45. Cessna Caravan, kijindege cha abiria kumi na kitu ambacho Watanzania wengi wamekizoea kwa safari za mbugani na visiwani, inakwenda kilomita 340 kwa saa na ingehitaji saa moja na dakika 8.

Majibu hayo hayatoshi, kwa kuwa ndege haiwi na kasi yake kamili tangu breki zinapoachiwa. Kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kuna kupanda, kuna kushuka na kuzunguka ili kutua. Uwanja wa Unguja una njia moja iliyolala kaskazini na kusini, yenye urefu wa mita 3,022. Ndege inayotoka Dodoma inakuja kutoka magharibi, kwa hiyo haiwezi kutua bila kukata kona: ama izungukie kaskazini, ama kusini, kufuata upepo wa siku hiyo. Ongeza robo saa kwa mambo hayo yote na utakuwa karibu na ukweli. A220 inafika kama dakika 45, Q400 kama 50, ATR saa moja, Caravan karibu saa moja na nusu. Tazama kilichotokea: jeti inaizidi ATR kwa kilomita 320 kila saa, lakini mwishoni abiria wake amepata robo saa tu. Katika masafa mafupi kasi ya injini haina nafasi ya kujionyesha. Wanaotaka safari ya Dodoma na Unguja ipunguzwe muda kwa kuleta ndege yenye kasi zaidi wanatafuta dawa pasipo na ugonjwa.

Upepo una sehemu yake, ndogo lakini ya kweli. Huku kwetu pepo za juu huvuma zaidi kutoka mashariki. Ukichukua upepo wa kilomita 30 kwa saa na ndege yenye mwendo wa 600, kwenda Unguja ni dakika 40 za mwendo na kurudi Dodoma ni 37. Dakika tatu hadi nne hivi. Manahodha wa majahazi walipanga mwaka mzima kwa kufuata kaskazi na kusi. Rubani wa leo anaongeza mafuta kidogo tu.

Joto na mwinuko wa Dodoma ni jambo zito zaidi, na halizungumzwi vya kutosha. Uwanja wa Dodoma uko mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Wa Unguja uko mita 16. Hewa ya Dodoma ina uzito mdogo kwa karibu sehemu moja katika kumi ikilinganishwa na ya pwani, hata kabla jua halijapanda. Ikifika saa nane mchana mwezi wa Novemba, joto likiwa digrii 31, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uwanja uko karibu mita 2,000. Bawa linashika hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini ndipo iinuke. Ndiyo maana urefu wa njia ya kurukia ulikuwa kikwazo kikubwa, na ndiyo maana mwaka 2016, serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kwa vitendo, kazi mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuirefusha hadi mita 2,500. Kwa miaka mingi pia uwanja huo haukuwa na taa, ukawa wa mchana tu, yaani saa zile zile ambazo hewa yake ni mbaya kuliko zote kwa kuruka ukiwa na mzigo. Ndege ya asubuhi na mapema kutoka Dodoma inabeba zaidi na inaruka kwa wepesi. Kwa safari ya Unguja, ambayo haihitaji mafuta mengi, hili si kizuizi, lakini ni sababu mojawapo ya kupendelea alfajiri.

Lakini abiria halipii dakika za angani peke yake. Anahesabu kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni anakokwenda. Tuseme kuna ndege ya moja kwa moja. Uwanja wa Dodoma uko ndani ya mji. Bajaji inakufikisha upesi. Unafika saa moja na nusu kabla, unaruka kwa saa moja, unasubiri begi na kutoka nje kwa nusu saa, unamaliza kilomita 7 hivi hadi Mji Mkongwe kwa nusu saa nyingine. Saa tatu na nusu. Sehemu ya angani haifiki theluthi ya safari.

Ukipitia Dar kwa ndege, mambo yanageuka. Dodoma hadi Dar ni saa moja. Dar hadi Unguja ni kilomita 73 tu kati ya uwanja na uwanja, dakika 20 angani. Katikati ya hizo mbili ndimo safari inamofia. Ukibahatika unasubiri saa mbili. Ratiba zisipopatana unasubiri nne au tano, na ndege ya kwanza ikichelewa unalala Dar. Safari ya saa tatu na nusu inakuwa ya saa sita, nane, au siku mbili.

Hapo ndipo treni inapoingia. Tangu Julai 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inafika Dodoma kutoka Dar kwa saa tatu na nusu hadi nne, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Stesheni ya Dar haiko mbali na bandari, na boti ya kasi inavuka hadi bandari ya Malindi, Unguja, kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Ukiweka nafasi ya kusubiri na foleni ya tiketi, ni safari ya saa nane. Aliyeondoka Dodoma kwa treni ya alfajiri anaweza kuswali alasiri Unguja. Hapo zamani basi la kilomita 450 za barabara lilikula saa nane peke yake, boti za mchana zikawa zimekwisha kuondoka, na mtu akalala. Treni imeifuta ile siku ya pili. Imefanya jambo kubwa kuliko ndege yoyote mpya iliyonunuliwa, kwa mtu wa kawaida.

Hata hivyo treni inaishia ufukweni, na boti ina shida zake. Juni hadi Agosti kusi inapovuma mkondo wa Zanzibar huchafuka, na abiria wa bara ambaye hajazoea bahari hufika Malindi hoi. Kumbukumbu ya MV Skagit, iliyozama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, bado iko hai katika familia nyingi. Mzee mwenye shinikizo la damu, mama mjamzito, mgonjwa anayetoka kutibiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hawa hawapaswi kuwa na njia moja tu.

Nchi nyingine zimekwisha kupita hapa. Nchini Uhispania, treni ya kasi kati ya Madrid na Barcelona ilipokamilika mwaka 2008 ilichukua sehemu kubwa ya abiria wa ndege, na haishangazi, maana ni nchi kavu mwanzo hadi mwisho. Korea Kusini ina treni za kasi pia, lakini njia ya ndani yenye abiria wengi kuliko zote duniani ni ile ya kutoka uwanja wa Gimpo, Seoul, hadi kisiwa cha Jeju, kilomita 450 hivi, yenye abiria zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Mwisho wa reli ni ufukwe, na baada ya hapo ndege haina mshindani wa kweli. Ndiyo hali yetu. SGR itakula safari za ndege kati ya Dodoma na Dar, na kwa maoni yangu hilo ni jema. Kati ya Dodoma na Unguja ndege ina nafasi yake, mradi isilazimishwe kushindana na treni kwa kupitia mlemle.

Je, abiria wapo? Hapa lazima tuseme haki. Shirika la ndege linapoleta kila mtu Dar na kumgawa kutoka hapo, linajaza viti. Ndege moja ya Dodoma inabeba wa Mwanza, wa Mtwara, wa Nairobi na wa Unguja kwa pamoja. Ukianzisha njia ya moja kwa moja unawatoa wa Unguja peke yao, na huenda wasijaze ndege kila siku. Tena mahitaji yenyewe yana msimu. Bunge la Muungano lina wabunge 50 wa majimbo ya Zanzibar na wengine 5 wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi, na hao wanasafiri na wasaidizi wao hasa Aprili hadi Juni, wakati wa bajeti. Bunge likiahirishwa, viti vinabaki vitupu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina wanafunzi kutoka visiwani, lakini wengi wao bajeti yao ni ya treni na boti. Ndege fupi ina gharama zilezile za kutua na za kuhudumiwa uwanjani kama ndege ndefu, na hunywa mafuta mengi ikipanda. Kiti chake kwa kilomita ni ghali.

Lakini kuna hesabu moja ambayo naona haijapewa uzito wake. Ndege inayotoka Dodoma kurudi Dar ingepitia Unguja, ingekwenda kilomita 384 kisha 73, jumla 457. Ikienda Dar moja kwa moja ni 390. Nyongeza ni kilomita 67, chini ya dakika kumi za mwendo. Gharama halisi ni kutua mara moja zaidi na kukaa chini dakika thelathini au arobaini. Kwa shirika lenye ndege inayolala Dar, duara la Dar, Dodoma, Unguja, Dar halihitaji kujaza ndege nzima kwa watu wa Unguja. Wanaoshuka Unguja wanapisha viti, na kati ya Unguja na Dar abiria hawakosekani siku yoyote ya mwaka. Abiria wa Dar atalalamika kuchelewa saa moja, na ana haki, ila yeye sasa ana treni na ndege nyingine. Mtu wa Unguja hana.

Msalato utabadilisha nini? Uwanja huo mpya, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliwekea jiwe la msingi Oktoba 2022, uko kilomita 12 hivi nje ya mji, upande wa barabara ya Arusha, na njia yake ya kurukia imepangwa kuwa ya mita 3,600. Urefu huo unajibu vizuri tatizo la joto na mwinuko, na utawezesha ndege kubwa kwenda mbali, pengine Ghuba au Hija bila kupitia pwani. Kwa safari ya Unguja hauongezi chochote ambacho mita 2,500 hazikuwa nacho, bali unamwongezea abiria nusu saa ya barabara. Kama hakutakuwa na usafiri wa umma wa uhakika kutoka mjini, nusu saa hiyo itakuwa saa nzima siku za Bunge.

Kuna tofauti moja kati ya miji hii ambayo hakuna ratiba inayoweza kuiondoa. Digrii tatu na nusu za longitudo zinalifanya jua la Unguja litangulie la Dodoma kwa dakika 14, kuchomoza na kuzama, mwaka mzima, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Mwezi wa Ramadhani aliyeko Unguja anafuturu Dodoma ikiwa bado inangoja. Mfungaji anayepanda ndege ya jioni kutoka Dodoma kwenda mashariki anaenda kukutana na magharibi yake mapema, na anayerudi anaongezewa muda wa saumu.

Kwa mpangaji wa ratiba, dakika hizo 14 zinaelekeza upande mmoja: safari ya asubuhi ianzie Unguja, ambako kumekwisha kucha. Ndege ikiruka saa 12:30 asubuhi inatua Dodoma saa 1:30, hewa bado nzito na baridi, njia ya kurukia ikitosha kwa mzigo kamili wa kurudi. Kikao cha Bunge huanza saa 3. Mbunge wa Micheweni, kule Pemba, akifika Unguja usiku uliotangulia, anaweza kuwa ukumbini kabla ya dua, na mwananchi mwenye shauri wizarani, katika mji wa serikali wa Mtumba, anaweza kuhudumiwa na kurudi kwake siku ileile bila kumtafuta ndugu wa kumlaza Dar.